Usitume buking ya fowili kabla hujaona chini ya gari

Ikifika Septemba hivi, simu za watu wenye familia huanza kujaa picha za magari. Prado nyeupe iliyopigwa picha jioni, X-Trail iliyooshwa hadi tairi zinang'aa, Forester "ya mama mwalimu, haijawahi kwenda safari ndefu". Chini ya picha kuna bei, halafu ile sentensi: "Kuna watu wawili wanaitaka, tuma 20k nikushikie."

Maoni yangu ni kwamba katika ununuzi wote wa gari la familia, pesa hatari zaidi si ile milioni na kitu utakayomalizia. Ni hiyo elfu ishirini. Milioni utaifikiria. Utauliza shemeji, utapiga simu kwa sacco, utalala nayo usiku mbili. Elfu ishirini unaituma ukiwa ndani ya matatu, kabla hujagusa hata mlango wa gari. Na ukishaituma, akili inageuka. Gari likikohoa ukiliwasha unasema ni baridi. Rangi ya mlango ikiwa tofauti na ya bodi unasema ni jua. Unaanza kulitetea gari la mtu mwingine kwa sababu pesa yako iko kwake. Na hayo ni kama gari lipo. Kuna picha zinazozunguka za magari yaliyouzwa zamani, na mwenye namba ya simu hajawahi hata kuyaona.

Kwa hivyo tuanze na gari lenyewe, pesa tutaifikia.

Kwanza, je, unahitaji fowili? Swali hili huwaudhi watu, lakini liulize. Kama wewe ni wa kutoka Ruaka kwenda mjini, na mara mbili kwa mwaka unaenda ushago na lami imefika karibu na geti, unachohitaji ni gari lililoinuka kidogo tu. Hutahitaji gurudumu la nyuma livute. Lakini kama kwenu ni Kinangop, ama zile miteremko ya Murang'a ambako udongo mwekundu ukinyeshewa unakuwa kama sabuni, basi hapo hatubishani. Gari la magurudumu mawili yanayovuta litakulaza njiani na watoto ndani.

Sasa shida ni hii: gari kuonekana kama fowili si kuwa fowili. Japani wanatengeneza umbo moja katika aina mbili, na zote huishia kwa yadi zetu. X-Trail ya muundo wa T32 ni mfano mzuri. Soma namba ya chasisi. Ikianza na NT32, inavuta kwa magurudumu manne. Ikianza na T32 bila ile N, ni ya kuvuta mbele tu. RAV4 ya kizazi cha kabla ya 2013 ni vivyo hivyo: ACA31 ni fowili, ACA36 siyo. Toyota Vanguard, ambayo familia nyingi huipenda kwa sababu kuna za viti saba, ACA33 ni fowili na ACA38 siyo. Muuzaji anaweza kukosea, ama akajifanya amekosea. Namba ya chasisi haina maneno mengi. Na kama herufi zinakuchanganya, inama uchungulie chini upande wa nyuma. Fowili ya aina hizi lazima iwe na shafti inayotoka mbele hadi nyuma na difu katikati ya magurudumu ya nyuma. Ukiona hapo pako wazi, umepata jibu.

Hizi X-Trail, RAV4 na Forester ni za matope ya kawaida na barabara ya mawe. Prado ni kitu kingine, ina gia ya chini ya kupandia milima na inaweza kufunga difu ya katikati. Lakini usilipie uwezo huo kama hutautumia. Wengi wananunua Prado ya zamani iliyochoka kwa bei ambayo ingewapa Forester iliyotunzwa, kwa sababu ya vile itaonekana ikiingia kwa harusi. Mimi naona hapo ndipo familia huanza kuumia. Gari lilikuwa ghali likiwa jipya, na bei za spea zake hazikushuka pamoja na bei ya gari.

Chukua hesabu ya mafuta peke yake. Familia inayoendesha kilomita 1,500 kwa mwezi, gari la kwenda kilomita 8 kwa lita litakunywa karibu lita 188. La kilomita 12 kwa lita litakunywa 125. Tofauti ni kama lita 63. Tuseme lita ni shilingi 180, kwa mfano tu: hiyo ni zaidi ya 11,000 kila mwezi, karibu 135,000 kwa mwaka. Ni karo hiyo. Na bado hujaweka bima kamili, ambayo hukatwa kwa asilimia ya thamani ya gari, wala tairi. Katika magari haya yanayovuta pande zote, tairi zote nne zinafaa kuwa za saizi moja na zilizoisha kwa kiwango kinachokaribiana. Ukiweka mbili mpya na mbili kipara, kifaa kinachogawa nguvu kinapata joto na kuharibika. Basi ukikuta gari la kuuzwa lina tairi za kampuni nne tofauti, huhitaji kuuliza mwenyewe alikuwa akilitunza vipi.

Kwa hivyo kama bajeti yenu yote ni milioni 1.8, tafuteni gari la milioni 1.5. Inayobaki si faida. Ni ya oili ya injini na ya giaboksi (hasa hizi otomatiki za CVT, ambazo watu hupuuza oili yake hadi gari linakataa kupanda), ni ya bima, shokamzoba, na ule mwezi wa kwanza ambao gari kuukuu hutoa siri zake. Aliyechukua mkopo wa sacco hadi senti ya mwisho ili kufikia bei ya gari hana pesa ya siri hizo, na ndiye hurudi miezi michache baadaye kuweka logibuku kwa wakopeshaji.

Halafu kuna watoto. Kaa kiti cha nyuma wewe mwenyewe, si cha dereva tu. Vuta kila mkanda uone unashika na kurudi. Kile kiti cha safu ya tatu, kunja goti ujue mtoto wa miaka kumi atakaaje hapo hadi Kisii. Uliza pia kuhusu mifuko ya hewa. Ile ya kampuni ya Takata iliitishwa irudishwe duniani kote, mamilioni kwa mamilioni ya magari, kwa sababu mingine ilikuwa ikilipuka na kurusha vipande vya chuma. Magari mengi ya Japani yalihusika. Namba ya chasisi inakuwezesha kuangalia kwa mtengenezaji kama lako ni mojawapo na kama lilirekebishwa.

Gari likiwa limetoka Japani juzi, omba karatasi ya mnada. Alama ya R au RA humaanisha liligongwa likarekebishwa, na kilomita zilizoandikwa pale unazilinganisha na zinazoonyeshwa kwa dashibodi. Likiwa limetumika hapa nyumbani, mlipe fundi wako. Si fundi wa yadi, si fundi wa broka.

Sasa pesa.

Kabla ya shilingi yoyote kumwendea muuzaji, fanya utafutaji wa gari kwa eCitizen, kwa huduma za NTSA. Ada yake ni ndogo na inalipwa kwa simu moja kwa moja kwa serikali, kwa Pei Bili 222222. Hakuna haja ya kumtumia mtu kwa namba yake "akutafutie". Utapata jina la mwenye gari na namba ya chasisi. Kama kuna benki imeandikwa pamoja na mwenyewe, gari bado lina deni. Na usiishie hapo: tangu sheria ya 2017 kuhusu dhamana za mali inayohamishika, kuna sajili ambamo mkopeshaji anaweza kuandikisha gari kama dhamana. Nayo inatafutwa kupitia eCitizen. Watu wachache huiangalia, ilhali ndiyo inayoweza kukuonyesha deni ambalo logibuku halionyeshi.

Ukiridhika, na kama ni lazima uache kitu, acha kidogo, na ulipe kwa tili au pei bili ya yadi, si kwa namba ya mtu. Simu inapokuonyesha jina la mpokeaji, lisome polepole. Kama ni mtu binafsi anauza gari lake, jina hilo liwe lile lile ulilopata kwa NTSA. Ukiambiwa "hiyo ni laini ya wife", ama "ni ya mhasibu wetu", gusa kufuta. Ukituma kwa hiari yako halafu mtu akatoa pesa, kuomba muamala urudishwe hakutakusaidia sana, kwa sababu huduma hiyo ni ya namba iliyokosewa. Maelewano yaandikwe: ni kiasi gani, ni cha gari gani, na kitarudishwa fundi akipata shida gani.

Salio lisipite kwa simu. Kikomo cha muamala mmoja ni shilingi 250,000 na cha siku ni 500,000, kwa hivyo gari la milioni 1.5 lingekuchukua siku tatu za kumtumia mtu pesa huku gari likiwa bado lake. Nendeni benki. Mwenye gari aanzishe uhamisho kwa akaunti yake ya eCitizen, wewe uupokee kwa yako, mkiwa mmeketi meza moja. Funguo na logibuku viwe hapo mezani.

Na akikataa fundi wako asiinue boneti, ama aseme mwenzako ashatuma buking na wewe unachelewa, mwache huyo mwenzako alichukue. Umetumia nauli, ada ya utafutaji na elfu mbili tatu za fundi. Jumamosi ijayo kuna yadi nyingine.