Mabua ya Mshangano, Gundi ya Dola

SONGEA: Mabua ya mahindi na maranda ya mbao huko Mshangano karibu hayana bei, mengi huishia motoni. Ndiyo maana hesabu ya kuyagandamiza yawe chipubodi huonekana tamu kwenye karatasi.

Kikwazo ni gundi. Ile ya kawaida ya yurea-fomaldehidi haishiki vyema kwenye bua, ambalo lina nta. Gundi ya poliisosianati hushika, hustahimili unyevu na huhitajika kidogo, lakini ni ghali, huagizwa kwa dola na ikipitia Dar es Salaam husafiri zaidi ya kilomita 900. Isitoshe, hung'ang'ania hata mabamba ya mashine, na mvuke wake waweza kumletea fundi pumu.

Wenye mtaji mdogo wakikumbuke kiwanda cha Elie, Kanada. Kilianza mwaka 1998 kutengeneza mbao za mabua ya ngano kwa gundi hiyo hiyo. Mwaka 2001 kikachukuliwa na Dow, watengenezaji wa gundi yenyewe, na bado kikafungwa 2005.

Anayeshawishiwa kununua hisa Songea aulize kwanza bei ya pipa la gundi likishafika Mshangano, ndipo aoneshwe mashine.