Risasi Isiyo na Mlio

Lugha yetu imefungasha mambo mawili katika neno moja. Risasi ni madini mazito, laini, ya rangi ya kijivu; risasi vilevile ni kile kitokacho mtutuni kikamwangusha mtu au mnyama. Neno hili tulilipata kwa Waarabu, na kwao pia limebeba maana zote mbili. Sababu yake si fumbo. Kwa karne nyingi kilichoruka kutoka mtutuni kilikuwa madini hayo yenyewe, yaliyoyeyushwa chunguni na kusubiwa kwenye kalibu, aghalabu na mwenye bunduki mwenyewe, nyumbani kwake, kando ya moto uleule wa kupikia.

Hoja ninayotaka kuwawekea walimu na wanafunzi ni hii: maana ya pili ya neno hilo tumeitungia sheria kali na kuiwekea polisi na mahakama, ilhali maana ya kwanza tumeiacha ikizurura vijijini bila mlinzi. Nayo ya kwanza huua pia, tena bila mlio.

Chukua mfano wa Rukanga, kijiji kilicho chini ya mlima Kasigau, katika eneo la Voi, Kaunti ya Taita Taveta. Wakazi wake na jirani zao wa Jora, Bungule, Makwasinyi na Kiteghe hawahitaji kufundishwa risasi ni nini. Vita Vikuu vya Kwanza viliwafuata hadi mlangoni. Agosti 1914 Wajerumani waliitwaa Taveta, na baadaye doria zao zikawa zikipenya nyika ili kulipua reli ya Uganda. Mwaka wa 1915 waliishambulia kambi ya Waingereza iliyokuwa Kasigau. Waingereza wakawashuku wenyeji kwamba ndio waliomwongoza adui, wakawahamisha kwa nguvu hadi Malindi. Wengi walifia ugenini, na waliosalia hawakurejea mlimani kwao hadi miaka ya 1930.

Askari wengi wa upande wa Wajerumani walianza vita hivyo wakiwa na bunduki za Mauser za mtindo wa 1871, zilizotumia baruti nyeusi. Kila zilipofyatuliwa zilitoa wingu la moshi lililomfichulia adui mahali alipojibanza mpigaji. Kilichorushwa kilikuwa kipande cha madini ya risasi chenye kipenyo cha milimita 11 na uzito wa gramu 25 hivi. Vipande hivyo vilitoka viwandani. Lakini kabla ya hapo, katika karne ya 19, misafara ya pwani ilikuwa imeipita nchi ya Wataita ikibeba magobore, yaani bunduki zinazoshindiliwa baruti na risasi kwa mdomo. Majeshi ya Ulaya yalipopata silaha mpya, zile kuukuu ziliuzwa Afrika, nyingi kupitia Zanzibar. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 uliibana biashara ya bunduki za kisasa katika sehemu kubwa ya bara hili, lakini ukaacha mwanya kwa gobore la jiwe na baruti ya kawaida chini ya uangalizi wa serikali. Mwafrika akaachiwa silaha ya zamani, na silaha ya zamani humtaka mwenyewe ajitafutie cha kushindilia.

Kwa nini madini haya na si chuma? Mwalimu wa kemia ana jibu zuri la kuwapa wanafunzi wake. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi, joto ambalo jiko la makaa hulipita kwa urahisi. Chuma huhitaji zaidi ya nyuzi 1,500. Risasi ni nzito, hivyo hubeba nguvu mbali. Zaidi ya hayo ni laini: huingia mtutuni bila kuukwaruza, na baruti ilipukapo hutanuka na kuziba mwanya ambao moshi ungeupitia. Kazi ya kuisubu nayo haina makuu. Madini huyeyushwa katika chungu, takataka ya kijivu inayoelea juu huenguliwa kwa kijiko, kisha uji unaong'aa humiminwa katika kalibu ya vipande viwili vinavyofumbatana kama taya. Baada ya muda mfupi kalibu hufunguliwa, na risasi imezaliwa.

Wepesi huo ndio mtego wenyewe. Marekani na Ulaya wako wapenzi wa bunduki za kale ambao hadi leo husubu risasi zao wenyewe kwa burudani. Wenye busara miongoni mwao hufanya kazi hiyo nje au penye hewa nyingi, hawali wala hawavuti sigara wakati huo, huwa na nguo za kazi zisizoingia nyumbani, na huwaendea madaktari kupimwa damu. Tena huonyana wasiguse kabisa sahani za betri za gari, kwa kuwa zina asidi, vumbi jingi la risasi na madini mengine yanayotoa gesi ya sumu. Huko, basi, mchezo huo unafanywa na watu waliosoma hatari zake, wenye glavu na maabara karibu.

Kwetu mambo ni kinyume. Nchini Kenya, Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inamkataza mtu kuwa na bunduki au risasi bila cheti, na pia kuzitengeneza bila leseni. Tanzania nayo ilipitisha sheria mpya ya udhibiti wa silaha na risasi mwaka 2015, na mwaka 2022 ikatoa msamaha kwa watakaosalimisha silaha haramu kwa hiari. Magobore ya kuundwa na mafundi wa vijijini si kitu kigeni kwa polisi wala kwa mahakama za huko. Ninaielewa hamu ya kuwa na silaha kama hiyo. Rukanga imepakana na nyika ya Tsavo, na mkulima ambaye ndovu wamemlalia shamba la mahindi usiku mmoja hakosi kuwaza mambo mengi kabla ya mapambazuko. Hata hivyo, anayejisubia risasi kwa siri hujitia katika hatari tatu: hatari ya sheria, hatari ya mtutu kumpasukia usoni, na hatari ya madini yenyewe. Mbili za kwanza anazijua. Ya tatu hakuna aliyemwambia.

Hatari hiyo haitokani na mvuke peke yake, kama wengi wanavyodhani. Risasi iliyoyeyuka kwa moto wa kawaida hutoa mvuke kidogo. Balaa kubwa ni ile takataka ya kijivu inayoenguliwa, ambayo ikikauka huwa vumbi laini. Vumbi hilo hukaa viganjani likaingia katika ugali. Hukaa katika shati na kanga, likaingia ndani ya nyumba na kumfikia mtoto anayetambaa. Wahenga waliposema kikulacho ki nguoni mwako hawakuwa wakisema habari za madini, lakini hapa methali imekuwa kweli neno kwa neno.

Ndani ya mwili, risasi hujifanya kalsiamu. Mifupa huipokea kama mgeni mwema na kuihifadhi kwa miongo ya miaka, na mama mjamzito huweza kumpa mtoto aliye tumboni kile alichokimeza akiwa msichana. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama, na kwamba watoto wadogo huweza kufyonza mara nne hadi tano ya kile afyonzacho mtu mzima kutoka chanzo kilekile. Akili hudumaa, umakini hupungua, hasira huzidi. Mwaka 2020 Shirika la Watoto la Umoja wa Mataifa, UNICEF, pamoja na shirika la Pure Earth, yalikadiria kwamba mtoto mmoja kati ya watatu duniani, yaani hadi watoto milioni 800, ana mikrogramu 5 au zaidi za risasi katika kila desilita ya damu yake. Ninawaomba walimu waitafakari hesabu hiyo. Huenda yuko mwanafunzi tunayemwita mzito au mtukutu, tukamwadhibu, kumbe anabeba kitu ambacho fimbo haiwezi kukitoa.

Ushahidi tunao jirani. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifanya kazi katikati ya makazi ya watu wapatao 3,000 hadi kilipofungwa mwaka 2014. Bi. Phyllis Omido, aliyewahi kuajiriwa hapo na ambaye mwanawe aliugua, aliongoza harakati zilizompatia Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufaa ikaitengua fidia hiyo mwaka 2023, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Haki ilichukua miaka kumi baada ya kiwanda kufungwa. Mtoto aliyekuwa chekechea wakati huo alikwisha kuwa kijana. Huko Thiaroye-sur-Mer, karibu na Dakar nchini Senegal, watoto 18 walifariki kati ya mwishoni mwa 2007 na mapema 2008 kwa sababu ya betri zilizovunjwavunjwa na udongo wake kuchekechwa majumbani ili kupata risasi. Hapakuwa na kiwanda kikubwa hapo. Palikuwa na mikono ya watu, chekecheke na umaskini.

Najua litakalosemwa. Litasemwa kwamba mababu waliyeyusha risasi na hawakufa. Jibu langu ni kwamba walikufa, ila hakuna aliyeandika walikufa kwa nini. Sumu inayochukua miaka ishirini haipigiwi kamsa. Litasemwa pia kwamba betri kuukuu ni riziki, na mzazi akiiuza hupata angalau nauli ya mtoto. Hilo ni kweli, wala siombi riziki hiyo ikatwe. Ninachoomba ni kwamba betri iuzwe ikiwa nzima, isipasuliwe uani, wala risasi yake isiyeyushwe karibu na jiko, iwe ni kwa kusubu risasi za gobore au vizito vya nyavu za kuvulia samaki.

Wazee wa nyika hii walikuwa na hekima tunayoweza kujifunza kwayo. Wawindaji wa Kiwaata na majirani zao walitumia mishale yenye sumu kali, na ncha ya mshale waliifunga kwa ukanda wa ngozi hadi wakati wa kuutumia. Waliiita sumu, wakaiheshimu kama sumu, wakaiweka mbali na watoto. Risasi haikupata heshima hiyo kwa sababu inang'aa, haina harufu, na jina lake humfanya mtu autazame mtutu badala ya kukitazama chungu.

Serikali haikosi zana. Kenya iliacha petroli yenye risasi kufikia mwaka 2006, na magari hayakusimama. Sheria ya Vyuma Chakavu ipo tangu 2015, na Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inamtaka anayeleta bidhaa sokoni abebe dhamana yake hata ikishachakaa. Kwingineko wamekwenda mbali zaidi: California ilikamilisha marufuku ya risasi za madini haya katika uwindaji mwaka 2019, na Umoja wa Ulaya ukazuia marisau ya madini hayo katika maeneo ya ardhi oevu kuanzia 2023, kwa sababu ndege walikuwa wakiyameza na kufa. Ikiwa bata wa Ulaya amepata mtetezi, mtoto wa Kasigau anastahili nini?

Kwa hiyo natoa rai tatu. Kwanza, kaunti iwe na mahali panapojulikana, Voi na katika kila kata, ambapo betri kuukuu inapokelewa na mwenyewe kulipwa bei ya haki. Pasipo bei hiyo, makatazo yote yatabaki kwenye karatasi. Pili, zahanati za vijijini ziwezeshwe kupeleka damu ya watoto ipimwe, hasa wale ambao wazazi wao ni mafundi wa betri na vyuma. Shirika la Afya Duniani liliagiza mwaka 2021 kwamba mtu akikutwa na mikrogramu 5 kwa desilita, chanzo chake kitafutwe na kuondolewa. Tatu, shule zisingoje waraka kutoka Nairobi. Mwalimu wa kemia ana nyuzi 327 zake, mwalimu wa historia ana vita vya Kasigau, na mwalimu wa Kiswahili ana neno moja lenye maana mbili. Wakikaa pamoja kwa vipindi vitatu tu, mwanafunzi atarudi nyumbani na swali la kumwuliza baba yake kuhusu betri ile iliyoegemezwa ukutani karibu na mtungi wa maji. Na baba akiulizwa na mtoto wake, ni vigumu kutoitoa.