Mwenye unga, mwenye timu, mwenye televisheni

Na Zuhura Mpili, safu ya Pwani ya Kusini

Kampuni kubwa binafsi za habari zinazofika kati ya Somanga na Lindi mjini ni nadra kuishi kwa habari peke yake. Nyuma ya redio kuna kiwanda, nyuma ya gazeti kuna maji ya chupa, na nyuma ya dishi kuna mashine za kusaga ngano. Mfano ulio wazi zaidi ni Azam Media, iliyoanza kurusha matangazo mwishoni mwa mwaka 2013. Kampuni hiyo ni ya Bakhresa Group, kundi la Said Salim Bakhresa, ambalo limekua kwa kusaga nafaka na leo linauza unga, juisi, aiskrimu na maji, linaendesha boti kati ya Dar es Salaam, Unguja na Pemba, na linamiliki Azam FC pamoja na uwanja wake wa Chamazi. Boti zake haziji Kilwa, lakini unga na dishi vimeshafika siku nyingi.

Katika kibanda umiza cha Kilwa Masoko, mtandao huo wa biashara unaonekana kwa macho siku ya mechi. Mwenye kibanda amelipia kifurushi cha mwezi na anatoza kiingilio mlangoni. Ndani ya friji kuna juisi na maji ya kampuni ile ile, na chapati zinazouzwa nje zimekandwa kwa unga wake. Kwenye skrini inacheza Namungo ya Ruangwa, timu ya mkoa wa Lindi, iliyopanda Ligi Kuu msimu wa 2019/20. Siku ikikutana na Azam FC, mwenye chaneli ni mwenye mojawapo ya timu mbili zilizo uwanjani. Tarehe 2 Agosti 2020 Namungo ilicheza fainali ya kombe la shirikisho mjini Sumbawanga na kufungwa na Simba mabao 2-1. Kombe lenyewe wakati huo lilibeba jina la Azam Sports.

Mwaka 2021 Azam Media na shirikisho la soka nchini, TFF, walisaini mkataba wa miaka 10 wa haki za matangazo ya ligi, wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Kwa klabu ya mkoani isiyo na mashabiki wa nchi nzima, mgawo wa fedha za namna hiyo si kitu cha kubeza. Umiliki wa aina hii si kosa. Kosa huanza pale mtazamaji anapoachwa ajikumbushe mwenyewe nani mwenye nini. Mtangazaji anayechambua uamuzi wa penalti katika mechi ya Azam FC angetamka tu kwamba klabu hiyo na chaneli hiyo ni za mwenye mali mmoja. Sentensi hiyo haigharimu chochote, na mtazamaji wa Ruangwa anaistahili.

Canada imepita njia hiyo hiyo kwa kiwango kikubwa zaidi. Ted Rogers alinunua kituo kidogo cha FM mjini Toronto mwaka 1960, na kampuni yake ikaja kumiliki mtandao wa simu, televisheni ya kebo, intaneti, chaneli za Sportsnet, timu ya besiboli ya Blue Jays na uwanja inaochezea. Mwaka 2013 Rogers ilinunua haki za kuonyesha ligi ya hoki ya barafu, NHL, kwa miaka 12 na dola za Canada bilioni 5.2. Mwenye timu ndiye mwenye uwanja, ndiye mwenye kamera, ndiye mwenye mtandao wa simu ambao shabiki anautumia kutazama. Tofauti iko kwa msimamizi. Mwaka 2008 chombo cha Canada kinachosimamia utangazaji, CRTC, kiliamua kwamba katika soko moja mtu mmoja asidhibiti gazeti, redio na televisheni vyote vitatu kwa pamoja, achague viwili.

Tanzania iliwahi kulijibu swali la umiliki kwa njia nyingine kabisa. Mwaka 1967 gazeti la Standard liliingia mikononi mwa Lonrho, kampuni ya London iliyokuwa na migodi na mashamba katika nchi nyingi za Afrika. Februari 1970 serikali ililitaifisha, na baadaye likawa Daily News. Kwa zaidi ya miaka 20 iliyofuata, Kilwa ilipata habari hasa kwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Magazeti yalitegemea pantoni ya Ndundu katika Mto Rufiji, na masika yakikolea, yalichelewa hadi yakapoteza maana. Daraja la Mkapa, lililochukua nafasi ya pantoni hiyo, lilifunguliwa mwaka 2003.

Utangazaji binafsi ulifunguliwa na sheria ya mwaka 1993, na mwaka uliofuata Reginald Mengi akaanzisha ITV na Radio One. Mengi, aliyefariki Mei 2019, alianza kwa kuunganisha kalamu za wino, akaendelea na soda na maji ya Kilimanjaro kupitia kiwanda cha Bonite mjini Moshi. Magazeti ya The Guardian na Nipashe yakakua chini ya kivuli hicho hicho cha IPP, kundi la kampuni za Mengi. Ni haki kusema kwamba bila faida ya soda, Tanzania Bara ingechelewa kupata televisheni kama ITV. Kituo cha televisheni hula fedha kwa miaka kabla ya kuanza kuzirudisha, na benki chache zingekopesha kwa ahadi ya taarifa ya habari.

Lakini kampuni inayouza bidhaa huwafuata wateja, na wateja wengi hawako Kilwa. Matangazo ya biashara hununuliwa Dar es Salaam, wahariri wanakaa Dar es Salaam, na waandishi wengi wa mikoani hulipwa kwa habari iliyotoka, si kwa mwezi. Mwandishi wa Lindi mjini anayetaka kufika Kilwa Masoko ana safari ya zaidi ya kilomita 150 hadi njia panda ya Nangurukuru tu, kwa nauli ambayo habari moja haiwezi kuirudisha. Mei 2024, kimbunga Hidaya na mvua zake zilipoikata barabara eneo la Somanga, nchi nzima ilijua, kwa sababu magari ya Lindi na Mtwara yalikwama. Bei ya ufuta mnadani haikwamishi gari la mtu wa Dar es Salaam. Wala bei ya mwani, wala matumizi ya ushuru wa huduma unaoingia Halmashauri ya Kilwa kutokana na gesi ya Songosongo, gesi inayosafirishwa kwa bomba hadi Ubungo tangu mwaka 2004. Haya ndiyo mambo yanayoamua kama mtoto wa Kilwa Kivinje atalipiwa sare ya shule, na ndiyo yasiyopata dakika mbili za taarifa ya saa mbili usiku.

Pengo hilo hujazwa kwa sehemu na redio za karibu kama Mashujaa FM ya Lindi, ambazo hazina kiwanda nyuma yao. Hutegemea matangazo ya maduka, salamu na vipindi vinavyolipiwa na halmashauri au miradi. Hapo napo umiliki una uzito wake: redio inayolipwa na halmashauri itasita kuuliza ushuru wa gesi umekwenda wapi. Dawa ya kwanza iko ndani ya uwezo wa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA. Kila leseni inapohuishwa, orodha ya wamiliki, biashara zao nyingine na walipaji wao wakubwa wa matangazo itolewe hadharani kwa Kiswahili, kwa kampuni kubwa ya Dar es Salaam na kwa redio ndogo ya Lindi vilevile.