Risala ya Wapiga Magitaa na Besi wa Dar es Salaam kwa Waziri Mwenye Dhamana ya Sanaa



Sisi ni wapiga solo, rizimu na besi ambao hatuna bendi moja. Mchana wengi wetu tuna kazi nyingine: kuna walimu wa shule za msingi, mafundi umeme, madereva, washonaji na wauza duka. Usiku na mwisho wa wiki tunapiga. Ijumaa mtu yuko na bendi ya dansi Kinondoni, Jumamosi yuko harusini au na kundi la taarab, Jumapili asubuhi anapigia kwaya kanisani, na katikati ya wiki prodyuza wa Bongo Fleva anamwita studio aweke besi kwenye biti iliyokwisha tengenezwa kwenye kompyuta. Mjini wanatuita deiwaka.

Kazi hii tunaipenda, na si yenyewe tunayoilalamikia. Mpigaji anayezunguka hivi hubeba kichwani nyimbo za bendi nyingi, hujua mwimbaji gani hupandisha ufunguo akichangamka, na hupanda jukwaani bila mazoezi na bado watu wakacheza. Huo ni ujuzi wa miaka. Kinachotuleta mbele yako ni kwamba ujuzi huo hauna maandishi popote. Hakuna jina, hakuna mkataba, hakuna hesabu. Mengine yote utakayoyasikia leo yanatoka hapo.

Mheshimiwa Waziri, hali haikuwa hivi siku zote. NUTA Jazz ilipoanzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, wanamuziki wake walikuwa waajiriwa. Baada yake zikaja Urafiki Jazz ya kiwanda cha nguo, UDA Jazz ya shirika la usafiri, BIMA Lee ya Shirika la Bima, pamoja na bendi za Polisi, Magereza na majeshi. Mpigaji wa bendi hizo alikuwa na mshahara, na gitaa alilopiga lilinunuliwa na mwajiri. Hatusemi kwamba enzi zile hazikuwa na dhuluma. Aliyehama bendi aliondoka mikono mitupu kwa kuwa vyombo havikuwa vyake, na nyimbo zilizorekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam zimesikika nchi nzima kwa miongo kadhaa huku wengi waliozipiga wakizeeka bila kuonja mrabaha. Hata hivyo, mpigaji wa wakati ule alikuwa na karatasi yenye jina lake. Mashirika yalipokufa au kubinafsishwa, karatasi ile ilipotea, na hakuna aliyetuandikia nyingine.

Tunaomba uelewe jinsi wimbo wa dansi unavyotengenezwa, kwa sababu madai yetu makubwa yamesimama hapo. Mtunzi huja mazoezini na maneno na melodi. Mpiga solo hutafuta kianzio, rizimu na sekondi solo husukana, besi hujitengenezea njia yake, na wapuliza tarumbeta na saksafoni huingia juu. Baada ya beti kwisha, wimbo hufika kwenye chemko. Hapo maneno hupungua na magitaa ndiyo yanayosema, na hapo ndipo watu wanapoacha bia mezani na kwenda kucheza. Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978, ilijengwa kwa kazi ya namna hiyo. Kila mpenzi wa bendi hiyo, tunayoiita Sikinde, anawajua waimbaji Muhidin Gurumo, Hassan Bitchuka na Cosmas Chidumule, na wanastahili. Michael Enoch anajulikana pia, maana alikuwa kiongozi wa muziki. Lakini muulize mpenzi huyohuyo nani alishika besi katika wimbo anaoupenda kuliko yote, na wengi watanyamaza.

Kwa vijana wa leo mambo ni mabaya zaidi. Mpigaji anaingia studio, anasikilizishwa biti, anatunga mwenyewe vifungu vya gitaa ambavyo baadaye vinakuwa ndiyo alama ya wimbo, analipwa mkononi mara moja, anaondoka. Wimbo unapanda redioni, unaingia kwenye mitandao ya kusikiliza muziki, unatumika kwenye tangazo la biashara. Mwenzetu mmoja alisikia gitaa lake katika tangazo la namna hiyo. Alipouliza, akajibiwa kwamba alikwisha lipwa. Hakuwa na karatasi ya kuonyesha alilipwa kwa lipi, na aliyemjibu naye hakuwa nayo.

Sheria haitukatai. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999, inamtambua mtumbuizaji na kumpa haki katika utumbuizaji wake uliorekodiwa. Tatizo ni kwamba mgao hauwezi kumfikia mtu asiyeandikwa. Kwa hiyo tunadai fomu ya kusajili wimbo iwe na nafasi ya lazima kwa kila aliyepiga chombo na kila aliyeitikia, ijazwe na kusainiwa kabla wimbo haujapokelewa. Tunadai vilevile kanuni itakayotenga sehemu maalumu ya mrabaha wa rekodi kwa wapigaji na waitikiaji. Jambo hili limefanyika kwingine. Nchini Marekani, mrabaha wa redio za mtandaoni na za setilaiti umegawanywa kisheria: asilimia 50 kwa mwenye rekodi, 45 kwa msanii mkuu, na 5 kwa wanaomsindikiza, yaani 2.5 kwa wapigaji na 2.5 kwa waimbaji. Asilimia hizo ni ndogo, lakini zimeandikwa, na mtu anaweza kuzidai. Jirani zetu wa Kenya waliunda PRISK, chombo cha kusimamia haki za watumbuizaji. Hatuombi kunakili mfumo wa mtu. Tunaomba wetu uwepo.

Kuhusu kupiga jukwaani, tunaomba Baraza la Sanaa litoe mkataba wa mfano wa ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, wa kutumiwa na wenye bendi, wenye kumbi na wenye sherehe. Useme malipo ni kiasi gani, yanalipwa saa ngapi, na nani analipa mvua ikinyesha na kiingilio kikakosekana. Leo hasara ya mlangoni inamwangukia deiwaka. Anaambiwa apitie kesho, na saa nane za usiku amebeba gitaa lake akitafuta nauli.

Usalama haupaswi kusubiri mkataba. Kumbi nyingi tunazopigia umeme wake hauna ethi ya kuaminika. Mpigaji ameshika nyuzi, midomo ikagusa maikrofoni ili aitikie, anapigwa shoti mbele ya watu. Wenzetu ambao ni mafundi umeme wanalieleza jambo hili vizuri kuliko sisi, na wako tayari kuzunguka na wakaguzi. Tunaomba ukumbi usipewe kibali cha muziki wa laivu kabla umeme wake haujakaguliwa.

Vyombo ni ghali. Gitaa, amplifaya na nyuzi vyote vinatoka nje, na juu ya bei ipo VAT ya asilimia 18. Tumezoea kuchemsha nyuzi za besi ili zirudishe sauti, kwa kuwa seti mpya inamaliza malipo ya kazi ya usiku mzima. Tunaomba Wizara izungumze na Hazina kuhusu nafuu ya kodi kwa nyuzi na vyombo vya kupigia, na Mfuko wa Utamaduni na Sanaa uangalie mkopo mdogo wa vyombo unaoweza kudhaminiwa na wapigaji wenyewe kwa vikundi.

Mpigaji akiugua, tunapitisha mchango. Akifariki, tunapitisha mchango mwingine, na mara nyingi huo wa pili ndio unaojaa. Bunge limekwisha tunga Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023. Tunaomba wapigaji wasio na mwajiri waelekezwe namna ya kujiunga kwa pamoja, na NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, nayo itume watu wake tunakofanyia mazoezi, kwa kuwa ofisi zinapofunguliwa sisi tuko kwenye kazi nyingine.

Yapo tunayoweza kufanya wenyewe, na tunaahidi. Tutawaandikisha wapigaji wa mitaa yetu, chombo kwa chombo, na kukusanya majina ya waliopiga katika rekodi za zamani wakati wazee wanaokumbuka wangali hai. Orodha hiyo tutaikabidhi Ofisi ya Hakimiliki bila malipo.

Mheshimiwa Waziri, kama si yote yanayowezekana mwaka huu, anza na fomu ya kusajili wimbo. Hilo halihitaji bajeti kubwa wala safari ya kwenda kujifunza nje. Tunaomba tupate jibu la maandishi ndani ya siku 90, na mwakilishi wa wapigaji awemo katika kikao kitakachoandaa fomu hiyo.



Wapiga magitaa na besi, Dar es Salaam