Ndege wa Uani Nao Wana Haki ya Kutazamwa

Wapo wanaodhani kwamba ndege wa kupigwa picha ni heroe wa Ziwa Nakuru, na kwamba shomoro, tetere, kwera na chozi wa bustanini hawastahili hata kuangaliwa mara mbili. Fikira hiyo ina madhara, kwa maana ndege aliyezoeleka ndiye anayepungua bila mtu kujua. Chukueni habari ya kunguru wa Kihindi. Aliletwa Unguja katika miaka ya 1890 ili asaidie kuondoa taka za mji. Mwaka 1947 akaonekana Mombasa, na leo ameenea mwambao. Huyu hula mayai na makinda ya ndege wadogo. Lakini mkaulize mkazi yeyote kwera wa mtaani kwake walikuwa wangapi kabla kunguru hawajajaa. Atakisia tu, kwa sababu hakuna aliyeandika. Uingereza mambo yalikwenda vingine. Mwaka 1979 watoto walianza kuhesabu ndege wa bustanini mwao kila Januari, watu wazima wakajiunga baadaye, na hesabu hizo zimesaidia kuonyesha jinsi shomoro alivyopungua.

Atasema mtu: hiyo ni anasa ya wenye kamera za bei. Sivyo. Beseni la maji kivulini, subira, na simu ya kawaida vyatosha. Picha si lazima ipendeze. Ikionyesha mdomo, rangi na mkia, mjuzi atamtambua ndege, na simu yenyewe huweka tarehe. Mwingine atasema kwamba tuna shida kubwa kuliko ndege, tena kwera ni mharibifu wa mpunga. Ni kweli huuharibu, wala mkulima halaumiwi kwa kuulinda. Hata hivyo kwera na chozi hulisha makinda yao wadudu, na mwenye tuta la mchicha anajua wadudu hao humgharimu nini.

Jambo moja tu nalikataza kabisa: kukata matawi ili kiota kionekane vizuri kwenye picha. Kunguru naye atakiona.

Nchini Kenya, tangu 2013, upo mradi wa ramani ya ndege unaopokea orodha za watazamaji wa kujitolea, na shomoro huandikwa humo sawa na anavyoandikwa tai. Basi wazazi na walimu, wanyang'anyeni watoto manati, muwape daftari na kalamu, nanyi mkae nao barazani asubuhi mkihesabu.