Wagombea wa Kusindikiza

Brussels

Kwenu wababa na wamama wa Butembo na Beni, na ninyi vijana ambao mmeshaanza kupanga listi za uchaguzi wa 2028,

 

Oktoba 2024 kulikuwa na uchaguzi wa komine hapa Ubelgiji. Pasipoti yangu bado ni ya Kongo, lakini sheria ya hapa inamruhusu mgeni kutoka nje ya Umoja wa Ulaya, akiisha kukaa miaka 5 kihalali, ajiandikishe na kupiga kura ya komine. Ndiyo maana wakati ule tulitafutwa sana. Jumamosi moja nilikuwa saluni, Matonge, kwenye Chaussée de Wavre, nikingojea zamu yangu. Akaingia kijana wa chama kimoja na vikaratasi mkononi, akatuamkia wote kwa pamoja kwa Kilingala: “Mbote!” Mwenye saluni ni Mkameruni. Aliyekuwa anasukwa ni mama wa Guinea. Na mimi mnanijua, Kilingala changu ni kile cha kumjibu askari kwenye barieri. Kikaratasi kilikuwa na picha ya mama Mkongo anayetabasamu vizuri. Nikakigeuza kutafuta namba yake kwenye listi. Alikuwa huko chini, karibu na mwisho.

Sisemi mama yule hafai. Nasema kazi aliyopewa inajulikana. Hapa, kura ukimpa mtu, kwanza inaingia kwenye hesabu ya listi yake, na viti hugawiwa kwa listi. Yeye analeta kura za saluni, za kanisa la uamsho na za duka la pondu, halafu anaingia barazani mwingine aliyekaa juu. Ni mgombea wa kusindikiza. Wapo waliofika mbali: Pierre Kompany, mzaliwa wa Bukavu aliyefika hapa mkimbizi mwaka 1975, akawa meya wa Ganshoren mwaka 2018, mtu mweusi wa kwanza kuwa meya katika nchi hii. Lakini alikuwa ameshakaa miaka mingi katika baraza la komine hiyo, akijulikana kwa kazi, kabla ya yeyote kumwita mfano.

Nawaeleza haya kwa sababu mbele ya Kinshasa sisi pia ni watu wa saluni. Mwanzoni mwa Desemba 2018 Martin Fayulu alianzia kampeni yake ya urais Beni, mkajaa barabarani. Tarehe 26 mwezi huohuo, siku 4 kabla ya kura, tume ya uchaguzi, CENI, ikatangaza kwamba Beni, Butembo na Yumbi zitangoja hadi Machi, kwa sababu ya Ebola na usalama. Soko lilikuwa wazi, makanisa yalikuwa wazi, ila sanduku la kura ndilo lililoonekana lina ugonjwa. Waliowekwa kando walizidi milioni 1.2. Tarehe 30 watu wa Beni walinawa mikono, wakapanga mistari na kupiga kura yao wenyewe, na haikuingia katika hesabu yoyote ya taifa. Kwa namba za CENI, Tshisekedi, aliyetangazwa mshindi, alimzidi Fayulu kwa kura kama 684,000. Wekeni namba hizo mbili ubavu kwa ubavu. Ilipofika 31 Machi 2019 mlichagua wabunge tu. Rais alikuwa ameapishwa tangu 24 Januari.

Hasira ile mnayo hadi leo, na ni haki yenu. Lakini ninyi ambao Kinshasa ni wachache, mkifika Oicha ni wengi. Hapo ndipo barua yangu inapoelekea.

Wambuti waliofukuzwa msituni na vita vya waasi wa ADF, wanaoishi sasa pembeni mwa Oicha na Mangina, mnawatafuta lini? Gari linafika wakati wa kampeni. Chumvi, sabuni, kikwembe kwa wamama. Mzee mmoja anaitwa pembeni, anapewa bahasha, na jioni mgombea anajisifu Butembo kwamba kambi nzima ni yake. Hakuna aliyeuliza nani ana karte ya mpiga kura. Nayo karte si ya kura peke yake. Ndiyo kitambulisho chetu, ndiyo askari anayoidai barabarani, na asiyekuwa nayo analipa au anarudi alikotoka. Tena zile za 2023, mnakumbuka wino wake ulivyofutika upesi. Gari lile lingewapeleka watu kutafuta duplikata, lingewafaa kuliko chumvi. Na Kinshasa ipo sheria ya kulinda haki za Pigme, ndio hao Wambuti, iliyotiwa sahihi Julai 2022. Ni mgombea gani wa kwetu amewahi kuisoma kwa sauti mbele ya watu inaowahusu?

Mtanijibu kwamba mmeshawaweka kwenye listi, wao na Watalinga wa Kamango na Wambuba. Najua. Kwetu namba ya listi hata haina uzito sana, kwa kuwa kiti humwendea aliyepata kura nyingi ndani ya listi. Kinachomzamisha mtu ni amana isiyorudishwa, ni mafuta ya pikipiki ya kufika Eringeti, ni redio. Hawezi kusema atagombea na kachama kake: sheria inadai listi ipate asilimia 1 ya kura za nchi nzima ndipo ipewe kiti bungeni, kwa hiyo lazima aingie kwenye kundi la wakubwa. Wakubwa wanalijua hilo, ndiyo maana wanakusanya majina.

Mahali ambapo watu wachache wangeweza kushinda bila kubebwa ni chini kabisa, kwenye baraza la komine na la sekta. Desemba 2023 madiwani wa komine walichaguliwa katika makao makuu ya mikoa tu, Butembo na Beni hamkuguswa. Sasa, tangu Goma ianguke Januari 2025, ofisi za mkoa zimehamia Beni, na wakubwa wanapita hapo kila siku. Sijasikia anayewadai uchaguzi huo. Tunadai barabara, tunadai amani, na tunafanya vema, lakini uchaguzi huo nao tuudai.

Nimalizie na mchango. Kwenye WhatsApp ya mituweli, chama chetu cha kusaidiana, ujumbe umeshaanza kuzunguka, kwamba sisi wa ughaibuni tuchangie fulana na bendera. Kwa fulana msinihesabu. Nitalipa amana ya mgombea mmoja, Mmbuti au Mtalinga, mwanamke ikiwezekana, aliyechaguliwa na watu wake kwenye mkutano wao bila bahasha, pamoja na pikipiki na mafuta mpaka siku ya kura. Awe wa chama chochote, hata kile nisichokipenda. Risiti ya amana mnitumie picha. Na siku ya mkutano asiitwe jukwaani kucheza ngoma wakati wenzake wanahutubia: apewe kipaza sauti, na dakika zake ziwe sawa na za wengine.

Ndugu yenu wa Brussels