KAZI ZA MIKONO NYUMBANI: Msumeno wa Meza Si Kitu cha Kuchezea

Juma hili tunaahirisha somo la kupaka vanishi tulilowaahidi, kwa sababu tumepokea barua isiyoweza kungoja.

Mama mmoja, mke wa koplo, anayeishi katika nyumba za askari, anatueleza kwamba mumewe hupenda useremala siku za mapumziko. Hivi karibuni amenunua msumeno wa meza uliotengenezwa na fundi wa kuchomelea vyuma: meza ya chuma, mota, mkanda, na sahani yenye meno katikati. Hauna kifuniko. Mtoto wao wa kiume, mwenye umri wa miaka kumi, ndiye anayesimama upande wa pili kuvuta mbao. Mama anauliza, je, akimkataza mumewe, atakuwa amemvunjia heshima?

La, hasha. Kumnusuru mume na mtoto si kuvunja heshima. Hata hivyo, hatusemi kwamba useremala uachwe. Kazi hiyo huleta kitanda, kabati na viti nyumbani, na askari atakayestaafu akiwa na ufundi mikononi hatakosa la kufanya. Tunalosema ni kwamba chombo hiki kina sheria zake, na asiyezijua humfundisha kwa damu.

Kwanza tuutazame mwendo wake. Sahani yenye upana wa sentimita 25, ikizunguka mara 4,000 kwa dakika, meno yake huenda kwa mwendo wa karibu kilomita 188 kwa saa. Hakuna mkono wa binadamu uwezao kujiondoa kwa wakati. Mtu husikia maumivu baada ya kazi ya meno kwisha.

Pili, tuufahamu mrusho wa ubao, ambao wengi hawaujui. Meno yaliyo upande wa msukumaji hushuka chini. Hukata na kuukandamiza ubao juu ya meza. Lakini meno ya nyuma hupanda juu. Ubao ukijifunga na kuibana sahani, au ukienda upande na kuyagusa meno ya nyuma, huinuliwa na kurushwa kumwelekea msukumaji kwa nguvu ya kuvunja mbavu. Mara nyingine mkono uliokuwa juu ya ubao huvutwa pamoja nao hadi kwenye meno. Mbao mbichi, mbao zilizopinda na zile za mkaratusi zenye mkazo ndani yake hujifunga upesi zinapopasuliwa.

Dawa ya mrusho ni kipande cha chuma kigumu kinachosimamishwa nyuma ya sahani, karibu kabisa na meno, katika mstari mmoja nayo. Unene wake uzidi kidogo ule wa mwili wa sahani, lakini usizidi upana wa mkato. Kazi yake ni kuzuia pande mbili za ubao zisikutane. Misumeno mingi ya mafundi wetu haina kipande hiki, wala kifuniko cha juu. Mrudishie fundi mashine yake, umwambie avitie vyote viwili. Gharama yake haifiki hata kidogo gharama ya kidole.

Wasomaji walio askari watalielewa jambo hili kwa urahisi. Kila mwanajeshi na polisi hufundishwa kuiona kila bunduki kana kwamba ina risasi, na kutosimama mbele ya mtutu. Msumeno nao una mtutu: ni ule mstari unaotoka kwenye sahani kuja kwa msukumaji. Simama kando kidogo ya mstari huo, na usimruhusu mtu yeyote kupita hapo mashine ikizunguka.

Zifuatazo ni kanuni za kila siku:

1. Chunguza ubao kabla ya kuukata. Mbao za makasha ya zamani huwa na misumari, na msumari ukikutana na meno huruka kama risasi.

2. Inua sahani kiasi cha kulizidi ubao kwa milimita chache tu. Kinachozidi hapo ni hatari ya bure.

3. Unapopasua ubao kwa urefu, uegemeze kwenye ubao wa kuongozea uliofungwa sambamba na sahani. Usipasue kwa kukisia macho.

4. Unapokata kwa upana, tumia kitoroli cha mbao kinachoteleza juu ya meza. Usiutumie ubao wa kuongozea kupimia, maana kipande kilichokatika kitabanwa kati yake na sahani, kisha kitarushwa.

5. Mkono usikaribie meno chini ya sentimita 15. Panapobaki nafasi ndogo, sukuma kwa kijiti chenye pembe mwishoni, ambacho waweza kukichonga mwenyewe kwa dakika chache.

6. Vaa miwani ya kukinga macho na kitambaa au barakoa puani. Vumbi la mvule huwasha ngozi na kusumbua kifua, na wataalamu wa Shirika la Afya Ulimwenguni wamekwisha kuthibitisha kwamba vumbi la mbao huleta saratani ya pua. Lakini glavu, pete, tai na mikono mirefu ya nguo usivivae, kwa kuwa meno huvikamata na kuuvuta mkono.

7. Usiondoe takataka mezani mpaka sahani isimame kabisa. Unapobadili sahani, chomoa waya ukutani kwanza.

Kwetu sisi kuna hatari nyingine ya pekee. Umeme hukatika katikati ya kazi, seremala akaenda kunywa chai akiisahau swichi wazi. Umeme ukirudi, mashine huanza kuzunguka yenyewe, na huenda mtoto ameinamia meza. Ipo swichi inayojizima umeme ukatikapo, isiyowaka tena mpaka ibonyezwe. Itafute. Usipoipata, basi iwe amri: umeme ukikatika, chomoa waya.

Huko Marekani, ambako serikali imekadiria kiasi cha majeruhi 30,000 wa misumeno ya meza kwa mwaka, Steve Gass alibuni mwaka 1999 mashine inayosimama kwa sehemu ndogo sana ya sekunde inapogusa ngozi. Ni ufundi wa ajabu, lakini bei yake ni kubwa. Aliye na mashine ya fundi wa mtaani, kinga yake ni nidhamu.

Ajali ikitokea, zima mashine, bana jeraha kwa kitambaa safi kwa nguvu, na uinue mkono juu. Usitie mafuta ya taa, majivu wala kahawa. Kidole kilichokatika kifungwe katika kitambaa safi chenye unyevu, kitiwe ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vema, na mfuko huo uwekwe juu ya barafu. Kidole chenyewe kisiguse barafu. Kisha nendeni hospitali bila kuchelewa.

Sasa, mama yetu, tunakujibu. Mwambie bwana kwamba mtoto asiusogelee msumeno kuanzia leo. Anayevuta ubao kwa upande wa pili, akiupinda kidogo tu, humletea baba yake mrusho. Badala ya mtoto, bwana atengeneze meza ya kupokelea mbao, yenye kimo sawa na cha msumeno. Mtoto afundishwe kupima, kupiga randa na kusugua kwa msasa. Huko ndiko maseremala wema huanzia. Na bwana mwenyewe asiwashe mashine mpaka kipande cha nyuma, kifuniko na kijiti viwepo. Mpe ukurasa huu ausome akiwa ametulia, baada ya chakula. Askari anayejua thamani ya kidole chake cha shahada hatakasirika.

Juma lijalo, panapo majaliwa, tutarudi kwenye vanishi.